Seva inakufa mvua ikinyesha

Kaka Hamisi,

Habari za Dodoma? Sisi huku Tanga hatujambo, ila Mama Zai amenuna, anasema akikupigia hupokei. Mtafute. Nami niwie radhi kwa kimya. Na leo pia nisingeandika kama si ile seva ya mita za maji uliyotuachia.

Tangu masika yaanze, mvua ikinyesha tu, inakufa. Mzee Kombo aliapa ni umeme, akanunua betri mpya ya akiba. Ikafa na betri yake pembeni. Vijana wakasema tuiweke ijiwashe yenyewe, yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite! Nimekataa, kwa sababu kila ikifa inazikwa na usomaji wa mita ambao haujahifadhiwa, na wenye bili za ajabu wanakuja mezani kwangu.

Mvua yenyewe haina kosa. Inachofanya ni kuvuruga mtandao wa simu: mita inafungua muunganisho halafu inanyamaza. Sekunde 30 zikipita, kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, inatuma SIGALRM, ishara kwamba muda umekwisha, na kile kishika ishara chako, kipande cha programu kinachoijibu, kinaita syslog() ya kuandika logi (daftari la matukio), kisha free() ya kuachia kumbukumbu. Sasa ishara haipigi hodi. Ikiikuta programu katikati ya malloc(), inayotenga kumbukumbu, orodha za kumbukumbu ziko nusu zimebadilishwa. Ni kama mwenye duka anaandika madeni, mwingine analivuta daftari hilohilo na kuanza kufuta mistari. Mara nyingine haifi hapo hapo. Inaendelea kidogo, inakuja kufia mahali pasipohusika kabisa, wewe unabaki kukodolea macho msimbo wa programu usio na hatia.

Usione haya, wakubwa pia yamewakuta. OpenSSH, wenye programu ya kuingilia seva ukiwa mbali, waliziba tundu la namna hii mwaka 2006, likarudi kwenye toleo la 8.5p1, kampuni ya usalama ya Qualys ikalitangaza Julai 2024: SIGALRM, syslog(), yaleyale. Tena kwao mtu wa nje angeweza kuishika seva kama root, msimamizi mwenye mamlaka yote, bila nywila. Yetu inakufa tu. Nadhani...

Nimebadilisha hivi: kishika ishara kinaandika baiti moja kwenye paipu, mfereji wa data wa ndani, basi. Mzunguko mkuu wa programu ukiamka kwenye poll(), pale unapongojea data, ndio unaoandika logi na kufunga muunganisho. Nikashusha zile sekunde 30 hadi 1, nikafungua miunganisho bubu kwa mamia. Ya zamani inakufa chai haijapoa, mpya inadunda.

Imebaki ishara nyingine, SIGHUP, ambayo kishika chake kinasoma upya mipangilio. Nacho kinaita malloc() mlemle ndani, ila juu yake umeandika kwa herufi kubwa: USIGUSE. Kaka, ulikuwa unaogopa nini? Kuna mita za zamani zinazotegemea mpangilio ule? Au ulikuwa umechoka tu? Nikikutumia mabadiliko, utayapitia kabla ya Jumamosi? Halafu harusi ya Zuhura unakuja au tukuhesabu mchango peke yake?

Ni mimi,
Saidi