Mama Neema, mkarekodie kanisani

Milano, Jumapili usiku

Mama Neema shoga yangu,

Salamu nyingi sana, mi mzima, miguu tu ndo inavimba jioni kwa hizi ngazi, lakini Mungu anasaidia. Watoto hawajambo? Neema kashamaliza mitihani? Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza kwenye tramu na ya pili nikiwa nakunja nguo, nikaona hili sitalijibu kwa voisi, nakaa chini naliandika.

Unasema hela ya kurekodi imepatikana, na mwalimu wa kwaya anataka mrudi studio kama volyumu ya kwanza, wewe unataka kanisani, na kamati imegawanyika. Mi niko upande wako asilimia mia. Unaikumbuka ile studio lakini? Kile chumba kimebandikwa sponji kuanzia chini mpaka darini, tukaingizwa wanane wanane na hedifoni masikioni, alto hamsikii soprano wanafanya nini, besi wanaimba peke yao kama wamefiwa, halafu prodyuza akaja kumwagia mwangwi wa kompyuta juu. CD ilivyotoka nililia, Mama Neema. Watu 26 tunaotikisa vioo vya parokia Pasaka, tukasikika kama watu wanaimba wamejifunika blanketi. Na hela tulishalipa.

Sasa ngoja nikwambie nilichokiona huku. Yule mzee ninayemhudumia ana miaka 88, macho yameisha lakini masikio ni ya kijana. Kila siku saa kumi jioni nikishampa kahawa tunaweka santuri, opera (ile michezo ya kuigiza inayoimbwa) mtindo mmoja. Mi ndo naweka sindano, yeye anasogeza kiti hadi kwenye spika na kuweka kiganja kwenye kile kitambaa chake cha mbele. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza mwimbaji tu, nani kapanda juu, nani kashikilia pumzi, si unajua sisi wanakwaya. Yeye akawa ananiuliza, wako wapi hawa? Namwambia sijui, Italia. Ananiambia hapana, wako kwenye nyumba gani, sikiliza ukuta.

Santuri anayoipenda kuliko zote ni opera ya Tosca ya 1953, waimbaji Maria Callas, Giuseppe di Stefano na Tito Gobbi, kondakta Victor de Sabata, ilirekodiwa La Scala, lile jumba la opera la hapa Milano, kuanzia tarehe 10 mpaka 21 Agosti. Mwisho wa sehemu ya kwanza mambo yanatokea kanisani, kuna ogani, kengele, mizinga, na kwaya inaimba Te Deum, hiyohiyo Te Deum yetu ya kufunga mwaka, na juu yake Gobbi anaimba yule mkuu wa polisi mwenye roho mbaya. Yaani sauti zinajazana kama maji ya mvua yanavyopanda kwenye pipa, hakuna inayomfunika mwenzake, unasikia kabisa kwamba kuna nafasi kubwa na watu wamesimama mbalimbali ndani yake. Halafu hiyo ni mono, shoga yangu, haina kushoto wala kulia, kila kitu kinatoka tundu moja na bado unaliona jumba! Walter Legge, yule aliyesimamia kurekodi, alikuja kusimulia kwamba Gobbi alirudishwa mara 30 kwenye vipande vyake vya sehemu ya kwanza, wakibadilisha rangi ya sauti mpaka kwenye silabi mojamoja. Mara thelathini! Na sisi prodyuza alitupa nafasi mbili akaangalia saa.

Nikajiuliza kwa nini Agosti, maana Agosti Milano ni joto la kukaanga, na mji wote unahamia baharini na milimani, hata duka la mkate linafungwa. Kumbe jibu ni hilohilo. Msimu wa La Scala unafunguliwa tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, ukishaanza jumba lina mazoezi na maonyesho mpaka kiangazi, hakuna pa kupenyeza mafundi na nyaya zao. Agosti ndo jumba liko tupu. Tangu hapo kila nikishika jalada la santuri za Callas kitu cha kwanza natafuta mwezi, na karibu kila mara mwezi unanitajia nyumba. Aida na Madama Butterfly za 1955 ni Agosti, La Scala. Il trovatore 1956, Agosti, La Scala. Lakini I puritani ni Machi 1953, msimu umepamba moto, basi wakahamia kanisani, Basilika la Santa Eufemia hapahapa Milano. Na Norma ya kwanza ni Aprili kuingia Mei 1954, hiyo wakaenda kuirekodi kwenye ukumbi wa sinema, Cinema Metropol, viale Piave! Okestra na kwaya ni walewale wa La Scala, kondakta yuleyule mzee Tullio Serafin, nyumba tu ndo imebadilika. Hiyo Metropol siku hizi wameichukua watu wa fesheni, Dolce & Gabbana, wanaonyeshea nguo, na mi hupita pale na basi kila Alhamisi.

Santa Eufemia nimekwenda mwenyewe, siku yangu ya mapumziko. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, mama mmoja anafuta vumbi altareni, akadondosha funguo. Mama Neema, sauti ya zile funguo ilitembea. Ilipanda kwenye nguzo, ikapita juu, ikanifikia mi nyuma ikiwa imeshakuwa laini, imepoteza ule ukali wa chuma. Nikafikiria Callas kasimama humohumo mwezi Machi na baridi yake, anaimba wimbo wa binti aliyerukwa na akili kwa ajili ya mchumba. Jioni nilivyorudi nikamwomba mzee tuweke hiyo santuri, na nikausikia ule ulaini, ni uleule wa funguo. Mzee yeye anaona kanisa linameza maneno kidogo, anapenda zaidi La Scala. Sikubaliani naye, lakini namwelewa.

Na usidhani hii ya kuazima vyumba ilianza na Callas. Enrico Caruso mwenyewe, yule mwimbaji, rekodi zake zilizomfungulia dunia zilifanyika hotelini. Tarehe 11 Aprili 1902, Grand Hotel et de Milan, via Manzoni, chumba cha ghorofa ya tatu, Caruso ana miaka 29, kuna piano na ule mdomo mkubwa wa bati unaokusanya sauti, maana maikrofoni hazikuwepo, umeme kwenye kurekodi ulikuja 1925. Unaimba kwenye mdomo wa bati, sauti inatikisa sindano, sindano inachimba kwenye nta, basi. Ukifika kwenye noti kubwa unarudi nyuma kidogo usiiharibu nta. Caruso alitaka pauni 100 kwa nyimbo 10, fundi wa kampuni ya santuri, Fred Gaisberg, akapeleka simu ya maandishi London kuomba ruhusa, London wakakataa, ghali mno. Gaisberg akarekodi hivyohivyo. Nyimbo kumi zikaisha mchana mmoja, na zile santuri zikauzwa mpaka kampuni ikanyamaza.

Hoteli hiyohiyo ndo aliyofia Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera, tarehe 27 Januari 1901, mwaka na miezi michache tu kabla ya Caruso. Alipokuwa anakata roho watu wa Milano walimwaga majani makavu barabarani via Manzoni ili kwato za farasi na magurudumu ya mikokoteni visimpigie kelele mzee wao. Nimesimama pale nje mara nyingi, tramu inapita, nawaza juu ya yale majani. Mji mzima unamtengenezea mtu mmoja ukimya, ndani ya nyumba ileile ambayo baadaye sauti ya mtu ikafungwa kwenye nta isipotee tena. Sijui kwa nini inanigusa hivi. Na jumba la La Scala lenyewe lilipigwa mabomu Agosti 1943, paa likaanguka ndani, hawakulaza damu, wakalijenga upya, na kondakta Toscanini akalifungua tarehe 11 Mei 1946. Kwa hiyo ule ukuta unaousikia kwenye Tosca ya 1953 ulikuwa na miaka saba tu tangu ufufuliwe.

Kabla ya mabomu hayo kuna moja lazima nikutajie, Cavalleria rusticana ya 1940, La Scala, Beniamino Gigli anaimba na Pietro Mascagni aliyeitunga anaongoza okestra mwenyewe, miaka 50 tangu opera itoke, na mwanzoni kabisa unamsikia mzee akiongea. Anaiongoza polepole mno, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa safari. Mzee wangu hapo hufunga macho, hata kama hayaoni.

Roma nayo ilikuwa hivyohivyo, kalenda ndo bosi. Watu wa opera ya Roma walikuwa wakienda kiangazi kuimba nje kwenye magofu ya Caracalla, utaratibu ulioanza 1937, kwa hiyo jumba lao linabaki tupu, kampuni za santuri za Marekani na Uingereza zinaingia. Turandot ya RCA, kampuni ya Marekani, ya Julai 1959, waimbaji Birgit Nilsson, Renata Tebaldi na yule Mswidi Jussi Björling, ni matunda ya jumba kuachwa tupu. Decca, kampuni ya Uingereza, wao walishikamana na ukumbi wa Santa Cecilia, katikati ya Roma, miaka ya 1950 kila kiangazi wako pale na Tebaldi wao. 1954 wakaanza kurekodi stereo humo, yaani yenye kushoto na kulia, na njia yao mwambie mwalimu maana ataipenda, maikrofoni tatu tu kwenye fremu ya herufi T, zinaning'inizwa juu ya kichwa cha kondakta, zinasikia anachosikia yeye. Baadaye wakaongeza nyingine pembeni, lakini moyo ni hizo tatu. Humohumo Julai 1960 walimwita Björling kwa Un ballo in maschera, kazi ikavunjika katikati, tarehe 9 Septemba akafariki, miaka 49. Wakaimalizia mwaka uliofuata na Carlo Bergonzi. Mzee hajawahi kuisamehe ile hasara.

Sasa mwalimu asije akasema napinga studio kwa ubishi, basi nakwambia na upande wake. RCA walijenga studio kubwa kweli Roma, via Tiburtina, Leontyne Price akaimba Butterfly humo 1962, na ni nzuri, safi sana, kwangu mi safi kupita kiasi. Lakini opera ya Simon Boccanegra ya kondakta Claudio Abbado, Januari 1977, okestra ya La Scala, haikurekodiwa La Scala, Januari jumba lina kazi zake, walikwenda CTC, studio ya televisheni na sinema hapa Milano. Na hiyo ni mojawapo ya rekodi nzuri kuliko zote nilizosikia tangu nije, pale kwaya inapoingia kwenye kile kikao cha baraza nywele zinanisimama. Tofauti ni kwamba zile studio zao ni kama ghala la pamba la Shinyanga, okestra nzima na kwaya nzima wanakaa pamoja, wanaangaliana, hewa inazunguka. Siyo chumba cha sponji cha watu wanane. Kwa hiyo mwalimu akipata studio ya namna hiyo mi nakubali leoleo.

Siku hizi wenyewe hawarekodi tena hivyo, ni gharama mno, nyingi wanachukua onyesho la jukwaani moja kwa moja. Kondakta Antonio Pappano ndo alijitahidi, Aida ya Februari 2015, Anja Harteros na Jonas Kaufmann, kwenye ukumbi mpya wa Santa Cecilia, Roma, ule uliochorwa na Renzo Piano ukafunguliwa 2002, dari lote mbao za mcheri. Mzee aliisikiliza mpaka mwisho bila kuongea, halafu akasema, mbao.

Basi, twende kwenye yetu. Kanisa letu lina bati, kwa hiyo mvua ikinyesha kazi imekufa, msichague Aprili. Ulizeni parokiani siku gani halina misa wala harusi wala mafundisho, mi nadhani Jumanne baada ya misa ya asubuhi mpaka saa tisa, kabla watoto wa komunyo hawajaja. Mwambieni jirani mwenye mashine ya kusaga azime saa mbili tatu, mumlipe, hata Milano walimwaga majani barabarani. Kwaya isimame nusu duara kama Pasaka, maikrofoni mbili au tatu juu mbele ya mwalimu, hedifoni tupa kule. Msirekodi kipande kipande, imbeni wimbo wote, mkikosea rudieni wote.

Lakini kabla ya kamati kukaa naomba kitu kimoja. Kesho asubuhi pita kanisani kukiwa hakuna mtu, simama pale besi wanaposimama, piga kofi moja tu la nguvu, kisha nyamaza mpaka sauti iishe yenyewe. Nirekodie kwa simu unitumie, nitamwekea mzee kwenye spika saa kumi tukimaliza kahawa, nimuulize hawa wako wapi.

Wasalimie wote, na Baba Neema pia.

Wako,
Mama Dora