Asante dada wa daladala ya Mbagala
Jamani namshukuru dada mmoja hata jina simjui, tulikaa siti moja. Tangu nitolewe kizazi mkojo ulikuwa unavuja wenyewe usiku na mchana, hospitali wakasema nitazoea (eti nizoee!), nikawa navaa pedi juu ya pedi na harusini siendi tena. Yule dada harufu aliisikia ila hakuhama, akaninong'oneza hiyo fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo toka kibofu hadi ukeni, haiwapati waliojifungua tu, hata kwenye upasuaji wa kizazi kibofu kikijeruhiwa unaipata, nenda hospitali ya CCBRT Msasani wanatibu bure. Nimeshonwa, mpira wa mkojo umetolewa, nikikohoa bado kidogo kinanitoka ila shuka naamka kavu. Dada ulishukia Mtoni kwa Azizi Ali na dera la zambarau, Mungu akuzidishie mpaka ushangae.