Mtoto wa kupakatwa naye ni abiria

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyetaka wazazi wenye watoto wachanga wakalishwe viti vya nyuma kabisa ndani ya ndege, ili wengine wasafiri kwa utulivu. Sina ugomvi naye. Safari ndefu inachosha na kila mtu kalipa nauli yake. Ila mimi nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege mpaka nikastaafu, na pendekezo hilo halitekelezeki. Juu ya kila kundi la viti kuna barakoa za oksijeni, na kwa kawaida inayozidi idadi ya viti ni moja tu. Hiyo ya ziada ndiyo ya mtoto anayepakatwa. Ukiwarundika watoto wote nyuma, siku hewa ikipungua ndani ya ndege yupo atakayekosa. Ndiyo maana hata wazazi wa mapacha tulikuwa tukiwatenganisha, mmoja upande huu wa njia, mwingine upande ule.

Kilio chenyewe mara nyingi huanza ndege inaposhuka, kama nusu saa hivi kabla ya kutua. Mrija unaounganisha sikio na koo la mtoto ni mfupi na mwembamba, tena umelala, kwa hiyo shinikizo la hewa likibadilika hauzibuki upesi kama wetu. Sisi tunameza mate au kupiga mwayo, basi. Yeye anaumia. Dawa yake ni kunyonya, iwe ziwa, chupa au nyonyo. Akina mama nilikuwa nawaambia wasimwahishe mtoto ziwa mara tu rubani anapotangaza kwamba tunaanza kushuka, maana atashiba na kusinzia kabla masikio hayajabana. Subiri masikio yako mwenyewe yaanze kuziba, hapo mpe. Na wale wanaowanywesha watoto dawa za mafua ili walale, tafadhali waache. Si kazi ya dawa hizo, na wapo watoto ambao badala ya kulala huzidi kuhangaika.

Lakini kelele ni jambo dogo. Linalonikosesha raha mpaka leo ni kwamba katika ndege nzima, mtoto wa chini ya miaka 2 ndiye abiria pekee anayeruhusiwa kupaa na kutua bila kiti chake. Kabla ya kupaa mhudumu hupita kukagua. Mkoba uingie chini ya kiti, meza ikunjwe. Kule jikoni kila droo inatiwa komeo na toroli za chakula zinafungwa breki, kwa sababu birika likiruka litamjeruhi mtu. Kisha tunamfikia mama aliyempakata mwanawe, tunamwambia amshike vizuri, tunaendelea na safu inayofuata.

Mikono haitoshi, hata iwe ya mzazi mwenye nguvu namna gani. Mtoto wa kilo 8, ndege ikigonga kwa nguvu mara 10 ya uzito wake, anakuwa kama mzigo wa kilo 80 unaochopoka kifuani kwa ghafla. Wala si lazima iwe ajali. Niliwahi kumwona baba mmoja amelala, mtoto kifuani, blanketi limewafunika wote wawili. Taa ya mikanda ilikuwa ndiyo kwanza imewaka nami naelekea kwao kumwamsha. Ndege ikadondoka kwenye msukosuko wa hewa. Yule baba mkanda ulimzuia, blanketi likabaki mkononi mwake, mtoto akaruka juu na kuangukia mapajani kwa mama wa kiti cha jirani. Alipasuka mdomo tu, tunamshukuru Mungu. Baba yake alitetemeka mpaka tukatua.

Wengine huona kile kitanda kidogo kinachopachikwa ukutani ndiyo suluhisho. Ni kizuri kwa usingizi, ila taa ya mikanda ikiwaka mtoto hutolewa na kurudishwa mapajani, yaani kitanda hakimsaidii wakati ule hasa anapohitaji kulindwa.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago iliharibika injini ya mkiani, ikawa haiongozeki, ikaanguka ikijaribu kutua Sioux City, Marekani. Ilikuwa na watoto 4 wa kupakatwa. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, aliwaelekeza wazazi kama utaratibu wa wakati ule ulivyotaka: wawalaze watoto sakafuni na kuwashikilia. Mmoja wa watoto hao alikufa. Jan Brown alinusurika, akatumia miaka mingi kuihimiza serikali yake iweke sheria kwamba kila mtoto awe na kiti. Bodi inayochunguza ajali za usafiri nchini humo nayo ikapendekeza hivyo hivyo. Mwaka 2005 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikataa, ikisema familia zikilazimishwa kulipia kiti cha ziada, nyingine zitaamua kwenda kwa gari, na barabarani ndiko kwenye hatari zaidi.

Hoja hiyo naiheshimu, na sitaki mzazi mwenye kipato kidogo afungiwe mlango. Hata hivyo mamlaka hiyo hiyo huwaambia wazazi kwamba mahali salama zaidi pa mtoto ni kwenye kiti maalumu cha mtoto kinachofungwa juu ya kiti cha ndege, si mapajani. Mbona basi anayeuza tiketi hasemi?

Hivi karibuni nilikaa na binti yangu akinunua tiketi yake na ya mwanawe mtandaoni. Akaulizwa umri wa mtoto. Alipoujaza tu, mtoto akaandikwa wa kupakatwa, ikaongezwa asilimia 10 ya nauli, ukaja ukurasa wa malipo. Hakuna mahali aliposhauriwa kuhusu kiti. Ilibidi tupige simu, na kiti akakilipia. Siku ya safari, mfanyakazi wa kaunta akatuambia kile kiti cha mtoto cha kwenye gari tulichokuja nacho ili akifungie humo hakiingii ndani, kiende na mizigo. Nikamgeuzia ubavu wa kile kiti, pale penye kibandiko cha maandishi mekundu kinachothibitisha kwamba kinafaa kwa gari na ndege. Hakuwahi kukiona. Akaitwa msimamizi, akakisoma, tukaruhusiwa. Mzazi mwingine angekubali tu, akampakata mwanawe kando ya kiti kitupu alichokilipia.

Ninachoomba kwa mashirika yote ya ndege hakihitaji sheria mpya. Pale pale panapoulizwa umri wa mtoto, mzazi aelezwe kwamba anaweza kumnunulia kiti, ni kiti gani cha mtoto kinachokubalika, upana wake usizidi kiasi gani, na kwamba kwa kawaida hufungwa dirishani ili kisizuie njia. Nauli ya kiti hicho ipunguzwe vya kutosha ili kisiwe cha wenye fedha peke yao. Na wafanyakazi wa kaunta wafundishwe kukisoma kile kibandiko.

Mhudumu wa ndege mstaafu