Wanangu mnaotafiti chanjo, njooni mkae nasi kliniki

Wanangu mlio maabara na vyuoni, mnaohangaika usiku na mchana na chanjo na njia za kufikisha dawa mwilini, nawasalimu kwa upendo.

Nimestaafu uuguzi baada ya miaka mingi ya kuchanja watoto kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa bado kazini Septemba 2019, Kenya ilipozindua chanjo ya malaria, RTS,S, kule Homa Bay. Mimi niliyezoea kuona watoto wakipata degedege kwa homa, siku hiyo nililia. Chanjo hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Katika jaribio kubwa la 2009 hadi 2014, zaidi ya watoto 15,000 wa nchi 7 za Afrika walishiriki, wakiwemo wa Kilifi, Siaya, Korogwe na Bagamoyo. Takwimu mnazosoma zilitoka mikononi mwa watoto hao. Msiwasahau mama zao.

Sasa nisikilizeni. RTS,S huja katika vichupa viwili vilivyobanwa pamoja, kimoja cha unga, kingine cha maji yake. Ukichanganya unapata dozi za watoto wawili, na saa 6 zikipita, kilichobaki ni cha kutupwa. Siku moja ya mvua alikuja mama mmoja tu, mtoto mgongoni, tope mpaka magotini. Nikafungua kasha la baridi, nikahesabu vichupa, nikaona dozi moja itapotea bure. Nikamwambia arudi Alhamisi, siku ya kliniki, watoto watakapokuwa wengi. Hakubisha. Alikaza leso yake, akamfunika mtoto kichwa, akatoka. Alhamisi hakuja, na hakuja tena.

Nilipaswa kuvifungua. Kosa ni langu, na bado linaniuma. Lakini aliyeamua kichupa kiwe cha watoto wawili hakuwa pale na mimi, wala hakumwona yule mama akitoka.

Halafu kuna dozi ya nne. Kwa dozi zote nne, chanjo huepusha karibu visa 4 kati ya 10 vya malaria katika miaka 4. Tulipoanza, ya mwisho ilitolewa mtoto akifikisha miaka 2. Umri huo chanjo nyingine alishamaliza, mama amerudi shambani, pengine ana mimba nyingine, na mtoto anaonekana mzima. Nani atafunga safari?

Nilifurahi kusikia kwamba R21, chanjo nyingine ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, huja ikiwa ya maji tayari, bila kuchanganya. Kuna aliyeufikiria mkono wa muuguzi.

Kwa hiyo, kabla hamjaamua dozi ngapi na kichupa cha ukubwa gani, nendeni zahanati moja ya kijijini siku ya kliniki. Kaeni kwenye benchi la akina mama tangu asubuhi. Pokeeni watoto, bebeni kasha. Ulizeni kila mmoja ametoka wapi, ametumia nauli kiasi gani, wale wengine kamwachia nani. Majibu yao yaandikeni katika daftari lilelile la vipimo vyenu.

Mama yenu,
Muuguzi mstaafu