Asante, kaka uliyempa mama kitanda melini

Kaka yangu, jina sikukuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Usiku ule tulipanda New Victoria Hapa Kazi Tu pale Mwanza, mimi na mama, tukienda Bukoba kwenye msiba wa mjomba. Tiketi zetu zilikuwa za kukaa. Taa za mji zilipofifia nyuma yetu upepo ukaanza, na mama, miaka 74, hajawahi kulala majini, akaanza kutapika.

Ulitoka chumbani kwako daraja la kwanza ukasema tu, "Shikamoo mama, njoo ulale humu." Ukamkatia ndimu aiinuse, ukamvua viatu, ukamfunika shuka lako. Wewe ukakesha nje na kijikoti chepesi, na baridi ya ziwa usiku tunaijua.

Kila anayekuja kumwona mama anasimuliwa kile kitanda: shuka jeupe lililonyooshwa, dirisha dogo la duara, mtetemo wa injini ukimbembeleza. Tulipotia nanga Kemondo alikuwa bado usingizini. Bukoba nilikutafuta kwenye ngazi, kumbe ulishashuka.

Asante sana, kaka. Kwenye sala zake mama anakuita "mwanangu wa melini".