Daktari, njoo Kibirizi wakati wa mbalamwezi

Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

Daktari, salaam kutoka mwaloni, hapa Kibirizi kando ya Ziwa Tanganyika.

Juzi juzi walikuja wataalamu kutuelimisha kuhusu afya ya akili. Walifika Jumanne saa nne asubuhi, mwezi ukiwa gizani, wakati ambao vipe vyote, yaani mitumbwi yetu ya kuvulia dagaa, hukesha ziwani. Wakawakuta wanaume wamelala chini ya mitumbwi. Waliosikiliza ni kina mama waanikao dagaa na watoto waliofuata spika.

Siwalaumu. Kalenda yao ina Jumatatu hadi Ijumaa, yetu ina mwezi. Dagaa hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, tunakaa nchi kavu siku kadhaa. Hapo ndipo mwanaume ana nafasi, na hapo ndipo mawazo humkaba: deni la tajiri, nyavu, ada ya mtoto.

Ila hata wangekuja siku hizo, neno lenyewe lingewafukuza watu. Ukitamka "afya ya akili" hapa, watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Kikundi chetu cha maigizo hapa mwaloni kinapiga ngoma watu wakusanyike, kisha kinaigiza kisa kifupi cha mvuvi aliyeibiwa injini. Kisa kikifika pabaya tunasimama, tunauliza: nani aje akae mahali pake? Mtindo si wetu. Mbrazili Augusto Boal aliuasisi miaka ya 1970, na hapa nchini miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliigiza na wanakijiji wa Malya, kule Mwanza, matatizo ya kijiji chao.

Usiku mmoja kijana wetu akasema katika igizo, "Mke wangu, nina huzuni sana." Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja Mbembe, aliyevuka ziwa zamani, akainuka, akamnyang'anya karabai, akakaa juu ya ndoo. Akafuta kioo cha taa kwa shati. Kimya. Akafuta tena.

"Chai ipo?"

"Haipo."

"Basi." Akaendelea kufuta.

Hakuna aliyecheka. Mrundi mmoja akasema kwao machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Muha aliyekaa karibu yake akaitikia, "Hata kwetu." Wakazungumza mpaka usiku wa manane, na hakuna aliyesema "mimi". Wote walisema "yule wa kioo". Yule wa kioo haogopi chochote: alikiri hata kwamba kuna usiku alitaka kujitupa majini. Mvuvi wa kweli hawezi kumwambia muuguzi hivyo, maana Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Na wewe unajua kuliko mimi: Shirika la Afya Duniani linasema wanaume wanaokufa kwa kujiua duniani ni zaidi ya mara mbili ya wanawake.

Posho hatuombi (ingawa ngozi ya ngoma kubwa imepasuka). Njoo mbalamwezi ijayo, baada ya magharibi, ukae kwenye ndoo kama sisi. Tuletee muuguzi mmoja anayejua Kiha, asiye na fomu mkononi, abaki mpaka watu watawanyike. Sisi tunajua kupiga ngoma, kutibu hatujui.

Usiku ule kijana mmoja alisubiri wenzake waondoke, akaniuliza: yule wa kioo, kesho yake angeenda wapi? Nikamwambia nitamuulizia. Ndiyo nakuuliza.

Wako,
Mvuvi na mpiga ngoma, Kibirizi