Barua ya malalamiko: nimelipia springi nne, nimefungiwa mbili

Mkazi wa Madale,
Dar es Salaam.
21 Julai 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SPRINGI NA SHOKAPU MLIZOFUNGA KWENYE SUBARU FORESTER YA MWAKA 2006

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeshapiga simu, nimeshafika kaunta, na nimeshachati na kijana wenu wa WhatsApp hadi akaanza kunijibu kwa picha ya dole gumba. Sasa naandika ili jambo hili liwe na karatasi.

Mwezi Mei nilileta gari kwenu kwa sababu shokapu za nyuma zilikuwa zinavuja mafuta, na kila nikipakia familia na mzigo gari lilikuwa linalala nyuma na halinyanyuki tena. Nilimweleza muuzaji wenu matumizi yangu kwa kirefu, tena fundi mkuu akiwa amesimama pale pale. Siku za kazi natokea Madale kwa ndani, njia ambayo mvua ikikatika yanabaki makorongo. Mara kwa mara napanda Lushoto kwa wazazi, watu watano garini, na kurudi nashuka na viazi, karoti na chochote ambacho bibi wa watoto ameamua kisikose Dar. Nilichotaka ni gari libebe mzigo huo bila kulala.

Muuzaji akanitajia seti kamili: springi nne za kunyanyua inchi mbili, shokapu nne za gesi, mountingi za mbele (vishikio vya juu vya shokapu) na bushi za nyuma (mipira ya kwenye maungio). Akaniambia gari litakaa kiume. Akanionyesha kwenye simu magari ya vijana yaliyonyanyuliwa kiasi kwamba unajiuliza mama mzazi atayapandaje. Kuhusu kimo cha gari tuliongea sana. Kuhusu uzito nilioutaja mimi, hakuna aliyeuliza hata kilo. Nililipa Sh 2,350,000 pamoja na ufundi na alaimenti (kupanga matairi yakae sawa), na risiti ya EFD ninayo. Inasomeka wazi: springi 4, kila moja Sh 230,000.

Siku nilipokabidhiwa gari niliona halijakaa sawa hata kabla ya kuwasha injini. Mbele lilikuwa limepanda na nyuma limekaa chini, kama mbwa anayesubiri mfupa buchani. Halikuwa na abiria wala mzigo, na tangi lilikuwa nusu. Nilipofika nyumbani nikachukua futikamba, nikapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Mbele nilipata sentimita 46, nyuma 38. Kulia na kushoto hazikutofautiana hata nusu sentimita, kwa hiyo tusisingizie uwanja wangu kuwa na mteremko. Nikapiga simu. Jibu la kaunta lilikuwa kwamba springi ni mpya, niziache zizoee. Ndugu Meneja, springi mpya ikizoea hushuka kidogo, hilo tunalijua wote. Ile inayozoea kwa kupanda bado sijaiona.

Nikasubiri, maana ndivyo nilivyoambiwa. Tulipoenda Lushoto ndipo mambo yakawa wazi. Kwenye matuta ya Mkata gari lilikuwa linagonga nyuma hata nikipita kwa mwendo wa kutambaa. Usiku kila gari lililotoka mbele lilinimulikia, kwa sababu pua ya gari imeinuka na taa zinapiga machoni mwa watu. Hili ni Forester la kutoka Uingereza, lina kitufe cha kushusha taa kwenye dashibodi. Nilikizungusha hadi namba ya mwisho na bado nikamulikiwa. Safari ya kurudi, tukiwa na mzigo, ile barabara nyembamba ya kona kona kutoka Soni kushuka Mombo niliiendesha mikono ikitoka jasho. Uzito wote ukiwa umekaa nyuma, usukani unakuwa mwepesi mno na mbele hapashiki njia inavyotakiwa. Kila shimo nyuma linapiga, paa, na binti yangu wa mwisho alikuwa anahesabu kwa sauti.

Mombo tukasimama kwa fundi. Sikumwambia gari limetengenezwa wapi. Alilipiga jeki, akatoa tairi la nyuma kushoto, akachukua kitambaa chenye petroli akafuta springi, kisha akaikwaruza kwa ncha ya bisibisi. Rangi nyeusi ikatoka kwa magamba. Chini yake kulikuwa na kutu, na kwenye pindo la katikati zikaonekana alama ndogo za rangi ambazo kiwandani huwekwa ili kutofautisha springi moja na nyingine. Rangi yenyewe ilikuwa ya kupulizia, na aliyeipulizia hakujisumbua hata kuitoa springi kwenye shokapu kwanza, maana ilikuwa imefika hadi kwenye mpira wa juu na tone moja likakaukia hapo likiwa linaning'inia. Fundi akanigeukia akasema, "Bosi, hizi ni zile zile zilizokuja na gari." Upande wa kulia tukakuta hivyo hivyo. Picha na video ninazo. Springi za mbele ni mpya kweli, sina ugomvi nazo.

Hapa naomba fundi wenu mkuu asome kwa makini, kwa sababu hata bila ile rangi kazi hii ilikuwa imeshaharibika.

Baadhi ya Forester za Uingereza zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe, na langu ni mojawapo. Kwa kawaida springi ndiyo inayobeba uzito wa gari, na shokapu kazi yake ni kutuliza mdundo. Hizi za kujiinua zina pampu ndani. Ukipakia mzigo gari linalala nyuma, lakini ukitembea kidogo ule mtikisiko wa barabara unaendesha pampu, mafuta yanasukumwa, presha inapanda na nyuma inanyanyuka mpaka gari linakaa sawa. Yaani shokapu inabeba sehemu ya uzito pamoja na springi. Na kwa sababu inasaidia kubeba, kiwandani waliweka springi laini kuliko zile za Forester lenye shokapu za kawaida.

Ndiyo maana gari langu lililala na halikunyanyuka tena shokapu zilipoanza kuvuja. Dalili ilikuwa hiyo hiyo niliyowaeleza mezani. Fundi anayefanya kazi na Subaru kila siku alitakiwa aitambue kwa kuitazama tu, maana shokapu hiyo ina mwili mnene kuliko ya kawaida. Kuitoa na kuweka ya kawaida si kosa. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ya bei, na kazi inakuwa nzuri kabisa, alimradi springi za nyuma nazo zibadilishwe ziwekwe ngumu zaidi zinazolingana na shokapu mpya. Ninyi mmeondoa kilichokuwa kinasaidia kubeba, mkaiacha springi laini peke yake, mkaipaka rangi, na mbele mkanyanyua inchi mbili. Hapo gari litakaaje sawa?

Madhara hayaishii kwenye kugonga. Nyuma likikaa chini, matairi yanaingia ndani kwa juu, na sasa yote mawili yameanza kuota kipara upande wa ndani wakati upande wa nje meno bado yamesimama. Mbele nako, ukinyanyua gari ni lazima matairi yapangwe upya. Kwenye gari hili bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu ya mbele ndiyo ya kurekebishia ulalo wa tairi, na fundi wa Mombo aliikuta imekazwa tu ilivyojiangukia. Alaimenti mmenitoza Sh 40,000. Mashine yenu hutoa karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Yangu iko wapi?

Halafu kuna bushi za nyuma. Hili niliona kwa macho yangu nikiwa upande wa pili wa kioo, nikadhani labda kuna hatua nyingine itafuata. Kijana alizikaza kwa mashine ya upepo gari likiwa juu ya stendi, matairi yananing'inia. Bushi ya mpira hukazwa gari likiwa limebeba uzito wake, kwa sababu ukiikaza inaning'inia, siku unaposhusha gari mpira unajisokota na unabaki umejisokota muda wote. Haitadumu. Sitasubiri ichanike ndipo nije kuambiwa waranti imekwisha.

Baada ya safari nilifika tena kwenu. Kaunta walisema springi nne zilitoka stoo na kompyuta inaonyesha hivyo. Nilipowaonyesha video akaitwa fundi mkuu, naye kwa mdomo wake, mbele ya wateja wengine, akasema siku ile springi za nyuma za seti hiyo zilikuwa zimeisha, "tukaona za zamani bado nzima." Nashukuru kwa ukweli huo, ila ulitakiwa uje kabla sijalipa. Kuazima springi zangu mwenyewe na kuniuzia kwa Sh 460,000 ni biashara ambayo sijawahi kuisikia hata kwa wauza spea wa Gerezani.

Mliponiona sitoki, mkatoa sababu mbili za kukataa waranti. Ya kwanza, barabara ninazopita ni mbovu. Naomba mtazame bango lililo ukutani nyuma ya kaunta yenu, lenye maandishi makubwa yanayosema springi hizi ni za barabara za Tanzania. Madale na Lushoto ziko Tanzania. Ya pili, eti gari limefunguliwa na fundi wa nje. Fundi wa nje alitoa tairi. Kama kutoa tairi kunavunja waranti, basi mteja wenu akipata pancha Chalinze amekwisha.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kitu anakitaka kwa kazi gani, na akategemea utaalamu wa muuzaji huyo, bidhaa ni lazima ifae kwa kazi hiyo. Mimi nilieleza, na utaalamu wenu ndio ulionileta. Kuandika springi nne kwenye risiti na kufunga mbili ni jambo jingine tena, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Tume ya Ushindani wana ofisi hapa hapa Dar es Salaam. Ningependa tumalizane bila kuwasumbua, lakini nakala ya barua hii nimeshaiandaa, pamoja na risiti na picha.

Ninachotaka ni hiki. Mfunge springi mbili mpya za nyuma zinazolingana na shokapu za kawaida, na safari hii mchague kwa uzito: watu watano na kilo 100 za mzigo nyuma. Sihitaji inchi mbili. Zikinyanyua kidogo ni sawa, ila nyuma pasiwe chini kuliko mbele. Springi hizo nimeshazilipia, kwa hiyo bei na ufundi ni juu yenu. Bolti za bushi mzilegeze, mzikaze upya gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ikikutwa imeshachanika, muweke nyingine. Alaimenti ifanyike mwisho kabisa, kazi nyingine zote zikiwa zimekwisha, na nipewe karatasi ya vipimo. Taa nazo zipangwe. Matairi mawili ya nyuma yaliyoliwa tutayatazama pamoja. Sitaki mapya bure, nataka mnifidie sehemu iliyoliwa. Na springi zangu za mbele za zamani, ambazo niliambiwa "zimetupwa," naomba mzitafute. Ni mali yangu na zilikuwa nzima.

Mkiona hamuwezi, basi mrudishe Sh 2,350,000 yote, mtoe vitu vyenu, na gari nitalipeleka kwingine. Sitapokea "kuponi ya punguzo" niliyoahidiwa kwenye simu wiki iliyopita. Punguzo la nini wakati kazi ya kwanza haijaisha?

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku saba. Gari nitalileta Jumamosi tarehe 2 Agosti saa mbili asubuhi. Nitabaki hapo hadi kazi iishe, na nitasimama karibu na stendi, kwenye lile kochi nyuma ya kioo sikai tena. Fundi aliyefunga awepo, na springi zitolewe kwenye boksi mbele yangu. Kama saizi sahihi haipo stoo, nijulisheni kabla ya Ijumaa nisije kupoteza mafuta.

Wako,

Mteja wenu
(Jina na namba ya gari vipo kwenye risiti iliyoambatanishwa)